Tumesimamisha opera ya H.M.S. Pinafore hapa Kigoma kwa Kiswahili, watu wakacheka mpaka wakalia. Uzi mrefu kidogo, vuta kiti

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, salamu kutoka mwisho wa reli.

Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu, naona nisipoliandika litanikaa kooni. Kikundi chetu cha kwaya na maigizo tuko watu 31, walimu, manesi wawili, fundi cherehani, dereva wa bajaji, wauza dagaa, vijana waliomaliza fomu foo wako tu nyumbani, hakuna hata mmoja anayelipwa senti, tumesimamisha opera nzima ya kuchekesha hapa Mwanga, Ijumaa na Jumamosi. Inaitwa H.M.S. Pinafore. Ni kazi ya Waingereza wawili, W. S. Gilbert aliandika maneno, Arthur Sullivan akatunga muziki, ikaonyeshwa mara ya kwanza London tarehe 25 Mei 1878. Sisi tumeiimba kwa Kiswahili, muziki ni uleule.

Mimi ndio nilikuwa nafundisha sauti na ndio nimetafsiri, kwa hiyo maswali leteni.

Ilianzaje. Usiku mmoja nilikuwa natafuta nota za kwaya mtandaoni za Pasaka nikaangukia kitabu kizima cha Pinafore kimewekwa bure, nikapakua. Ukurasa wa mwanzo tu unakuta sitaha ya meli, mabaharia wanasugua shaba, halafu anapanda mwanamke mwenye kikapu anakuja kuwauzia vitu. Anatoka nchi kavu na mtumbwi mdogo, anaifuata meli ilipotia nanga, anauza tumbaku na chai na peremende na vitu vya kula. Nikaganda pale pale na simu mkononi.

Maana huyo mama namjua. Mimi nimekulia kusini huko upande wa Lagosa, na wale wa mwambao mnajua Liemba, ile meli ya abiria ya ziwa Tanganyika, ilikuwa inapitaje. Gati halikuwepo. Meli inasimama mbali kwenye maji, inapiga honi, hata kama ni saa nane za usiku kijiji kizima kinaamka, mitumbwi inakimbilia kule, abiria wanapanda na kushuka kwa kuvutwa mikono na wakati huohuo akina mama wanapandisha beseni za migebuka iliyokaushwa, ndizi, mihogo, wanapiga kelele bei kwa abiria wa daraja la tatu huku mtumbwi unagonga ubavu wa meli. Bibi yangu mzaa mama amefanya hiyo kazi miaka na miaka. Sasa mtu wa London mwaka 1878 amemweka bibi yangu kwenye opera, amempa na wimbo mzuri kuliko nyimbo zote za sehemu ya kwanza. Nikasema hii lazima iimbwe Kigoma.

Lakini kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki kingine. Miezi miwili ya mwanzo tulikuwa tunaiharibu. Kila mtu anataka kuchekesha. Kapteni anakunja uso, baharia anajiangusha, waziri anatembea kama bata, kila mmoja amebeba vituko vyake vya kwenye tivii. Na hakuna aliyekuwa anacheka. Tulikaribisha majirani waje kutazama zoezi, wakakaa wanatuangalia kwa huruma, mama mmoja akaaga mapema kasema ameacha maharage jikoni.

Nikarudi kusoma huyu Gilbert alikuwa anafundishaje waigizaji wake. Kumbe alikuwa mkali sana kwenye jambo moja: mwigizaji asijue kwamba anachekesha. Aseme upuuzi mkubwa kabisa kwa uso wa mtu anayesema ukweli wa maisha yake. Na hata vitu vya jukwaani hakutaka uongo, mwezi wa nne mwaka ule wa 1878 yeye na Sullivan walikwenda bandari ya Portsmouth kuangalia meli zenyewe, akachora sitaha ya ile meli ya zamani HMS Victory kwa mkono wake, akarudi akatengeneza jukwaa dogo la mfano mezani na vipande vya mbao ndio waigizaji, anavisogeza mpaka anajua kila mtu atasimama wapi kabla ya zoezi la kwanza.

Basi na sisi tukafunga zoezi, Jumamosi asubuhi nikawabeba wote tukaenda Kibirizi, kwenye mwalo wa boti, kukaa tu na kuangalia. Yule kijana anayecheza Kapteni nikamwambia mtazame nahodha wa boti anavyosimama watu wakimbishia. Akamtazama saa nzima. Nahodha hapigi kelele. Anaangalia maji, mkono mmoja kwenye kamba, halafu anasema neno moja na watu wanashuka kupunguza mzigo. Jumatatu yake Kapteni wetu alisimama hivyo hivyo, akasema maneno yaleyale ya kipuuzi ya mwanzo, na yule mama wa maharage alicheka mpaka akashika ukuta.

Nitaendelea, luku inakaribia kuisha.

#2

Mkuu hongera sana ila tusaidie sisi wa huku chini, opera si ni ile ya wazungu kupiga mayowe mpaka glasi inapasuka? Na hadithi yenyewe inahusu nini hasa, mbona hujaeleza

#3 (mleta uzi)

Nimerudi. Swali zuri na nilitakiwa nianze nalo.

Zipo opera nzito za kuimba mwanzo mwisho. Hii ni opera ya kuchekesha, nyimbo zinaingia halafu katikati watu wanaongea kama maigizo ya kawaida, sehemu mbili tu, na ukiondoa mapumziko haimalizi masaa mawili. Kwaya yoyote ya parokia au usharika iliyozoea sauti nne inaimudu.

Hadithi. Meli ya kivita ya Malkia imetia nanga Portsmouth. Baharia wa kawaida anaitwa Ralph anampenda Josephine, binti wa Kapteni. Binti naye anampenda lakini anaona aibu, baharia ni mtu wa chini. Baba yake anataka aolewe na Sir Joseph Porter, waziri mwenye jeshi lote la majini. Waziri anakuja melini na msafara wa dada zake, binamu na shangazi, wote wanaimba nyuma yake. Anaimba wimbo wa kueleza alivyopanda cheo: alianza tarishi kwenye ofisi ya mawakili anasugua vitasa vya mlango mkubwa, akapanda akawa karani, akawa wakili, akaingia bungeni akapiga kura kama chama kinavyotaka, mpaka akakabidhiwa jeshi la majini, na baharini hajawahi kwenda. Anawashauri vijana kwa moyo mweupe kabisa, ukitaka kuongoza wanamaji kaa ofisini usikanyage meli.

London ile watu walijua anasemwa nani, maana mwaka 1877 W. H. Smith, mtu wa biashara ya magazeti na vitabu, mwenye vibanda kwenye stesheni za treni, alikuwa amepewa wizara hiyohiyo.

Usiku vijana wanapanga watoroke wakafunge ndoa. Baharia mmoja mwenye sura mbaya, Dick Deadeye, anawachoma kwa Kapteni. Wanakamatwa, Ralph anatupwa lokapu. Hapo ndio yule mama wa kikapu, anaitwa Buttercup, anasimama anasema nina siri. Zamani alilea watoto wawili wachanga, mmoja wa watu wakubwa na mmoja wa watu wa chini, akawachanganya. Kapteni ndiye mtoto wa chini, Ralph ndiye wa ukoo. Basi pale pale wanabadilishana, Ralph anatoka na nguo za ukapteni, Kapteni anatoka na nguo za ubaharia, na hakuna hata mmoja anayeuliza ushahidi uko wapi. Waziri anamkataa binti kwa sababu sasa ni mtoto wa baharia, Ralph anamuoa, basi.

Ukiisoma hivi unaona ni upuuzi. Lakini fikiria mtu mmoja amekaa mezani anakula na wakubwa miaka yote, asubuhi anaambiwa wewe si wa pale, na anasema ndiyo bwana, anakwenda kusimama mstari wa nyuma na wenzake aliokuwa anawaamrisha. Kijana wetu alipovua ile kofia akaiweka kichwani kwa mwenzake ukumbi ulinyamaza kwanza. Ulicheka baadaye, alipopiga saluti.

#4

Mwakeye ndugu. Nisiwe mbaya ila Kigoma hii hii yenye wasanii wengi namna hii, hadithi zetu zimeisha? Tuna ngoma zetu, tuna historia ya Ujiji, tuna ziwa. Nyie mnakwenda kuchukua ya Malkia wa Uingereza wa karne ya 19. Naona ni kupoteza nguvu za vijana

#5 (mleta uzi)

Mwakeye kaka. Swali hili tumeulizana wenyewe kabla yako na liligawanya kikundi, wawili waliondoka.

Jibu langu, na naliamini. Hiyo Liemba ambayo sisi watu wa mwambao tunaiita yetu imejengwa wapi? Papenburg Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar kwa meli kisha kwa reli mpaka hapa, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwezi wa pili 1915 ikiitwa jina la gavana wa Kijerumani. Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916 wasiwaachie adui, Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927 na jina jipya. Leo nenda kamwambie mzee wa Kipili au Kasanga hiyo meli ni ya Wajerumani uone atakavyokujibu. Imekuwa yetu kwa sababu tumezaliwa ndani yake, tumesafirisha maiti zetu humo, tumepeleka mahari humo.

Muziki naona ni hivyohivyo. Unakuja vipande vipande kwenye masanduku, unauunganisha hapa, unauweka majini. Ukielea ni wako.

Na hadithi ya ziwa tutaandika, kaka, wala sitanii. Lakini kabla ya hii hatukuwa tunajua kumpandisha mtu jukwaani aimbe na aigize kwa wakati mmoja huku watu 20 nyuma yake wanamjibu kwa sauti nne. Sasa tunajua. Wewe ukiwa na hadithi ya Ujiji ilete, kikundi kipo, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni.

#6

Assalaam aleikum. Mimi ni wa Ujiji na nilikuwepo Jumamosi na familia, tulifurahi sana Mungu awalipe. Ila nina maswali mawili kwa nia njema. La kwanza, kipindi cha pili katikati kilivuta sana, watoto walianza kusinzia. La pili, mwisho yule Kapteni anamuoa huyu mama aliyemlea utotoni? Hapo mzee wangu alishtuka, tumetoka nje bado anaongelea hilo tu

#7 (mleta uzi)

Waaleikum salaam, shikamoo kwa mzee, na asante kwa kusema wazi.

Kuvuta, ni kweli, na kosa ni letu. Saa mbili na robo umeme ulikatika, wewe ulikuwepo. Kipindi cha pili chote ni usiku wa mbalamwezi, Kapteni anakaa peke yake anauimbia mwezi, na sisi kwa bahati tulikuwa na karabai nne nyuma ya turubai jeupe, mvuvi mmoja wa Katonga alituazima, tulizileta zituchoree mwezi tu. Umeme ulipokwenda zikabaki hizo. Jukwaa likawa zuri kuliko tulivyopanga, hata mimi nilitokwa machozi, lakini kinanda cha umeme kilizimika, ikabidi tuimbe bila kinanda na bila kinanda watu wa sauti ya tatu wanaogopa, wakaanza kwenda polepole, nyimbo zikavutika kama ubani wa kutafuna. Inasemwa huyu Richard D'Oyly Carte aliyekuwa tajiri wa kikundi chao alikuja kujenga ukumbi wake wa Savoy, 1881, jengo la kwanza la umma duniani kuwashwa lote kwa umeme. Sisi tutanunua betri.

Sasa suala la ndoa. Hili mzee wako hayuko peke yake. Kwenye Kiingereza Buttercup alikuwa anachukua watoto wachanga kulea kwa malipo na aliwanyonyesha hao wawili. Tulipofika hapo kwenye zoezi, mama mmoja wa kikundi, wa Ujiji huko huko kwenu, akaweka daftari chini. Akasema, mwalimu, aliyekunyonyesha ni mama yako, wale aliowanyonyesha ni ndugu zako, na hapa mnataka nishangilie ndoa. Kukawa kimya. Nilikuwa sijaliwaza hata kidogo, nilikuwa nahesabu silabi tu.

Tukakaa nalo wiki nzima. Wengine wakasema tufute ndoa. Mwisho tukabadilisha neno, Buttercup kwetu alikuwa yaya, aliwabeba mgongoni na kuwaogesha, hakuwanyonyesha. Na lile la Kapteni kumuoa tukalilegeza, kwetu mwisho anamchukulia kikapu chake, anakibeba yeye, wanashuka ngazi ya meli pamoja, hakuna anayesema ndoa. Naona mzee kwenye mistari ya nyuma hakusikia vizuri kwa sababu ya umeme kukatika, akaona wanaondoka pamoja akamalizia mwenyewe. Mwambie kikapu tu.

Na aliyecheza Buttercup ni muuza dagaa kweli wa Kibirizi, hajawahi kukanyaga jukwaa, ana sauti ya pili nzito kama mawese. Wimbo wake ni wa mwendo wa moja-mbili-tatu, unayumba kama mtumbwi, na orodha ya bidhaa nikamwachia aitunge yeye. Akaweka dagaa, migebuka, mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi), sabuni, karanga, kibiriti, vitenge vya kukopa. Siku ya kwanza alipanda jukwaani na beseni lake lenyewe, la dagaa wa kweli, harufu ikatangulia mpaka mstari wa tano. Watu wakaanza kumuuliza bei. Na yeye akawajibu bei, ndani ya tuni, bila kukosea pigo.

#8

Mwalimu mwenzangu wa kwaya hapa. Mimi nataka kujua ulifanyaje na mkazo wa maneno. Tuni za Kiingereza zinamalizia na neno linalogonga mwisho, sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi za kutafsiri makanisani zinaumiza masikio kwa sababu hiyo

#9 (mleta uzi)

Aisee mkuu umenigusa palepale, hili ndilo lililonimaliza usiku.

Ni kama ulivyosema. Mstari wa Sullivan mara nyingi unatua kwenye noti moja yenye nguvu, kwa sababu Kiingereza kina maneno ya silabi moja tele. Ukiweka "bahari" pale, tuni inaisukuma iwe "baha-RI", na msikilizaji hajui kwa nini lakini anajua kuna mtu anamdanganya. Nilichofanya kwanza, ile noti ya mwisho nikaigawa mbili, nguvu inatua "ha" na "ri" inaanguka nyuma yake laini. Inafanya kazi nyimbo za polepole. Kwenye nyimbo za haraka haifai, inachelewesha pumzi, hapo nikawa natafuta maneno ya kumalizia yenye "tu", "baba tu", "kamba tu", hiyo "tu" ni silabi moja, inakaa kwenye noti ya mwisho bila kupindisha neno. Ukizidisha inachosha, nilijiwekea zisizidi mara nne kwa wimbo.

Ule wimbo wa waziri wa kusema harakaharaka ndio raha. Kiswahili karibu kila silabi inaisha na irabu, ulimi haukwami, kijana wetu alikuwa anauvurumisha kama konda anayeita abiria wa Kasulu. Tatizo maneno yetu ni marefu, jambo analosema Gilbert kwa silabi nane mimi nahitaji kumi na tatu. Nikaacha nusu ya mambo. Tarishi, kitasa, karani, bunge, wizara, nimeacha mengine yote, na hakuna aliyeyakosa.

Halafu kuna ile ya Kapteni kujisifu. Anawaambia mabaharia yeye hajawahi kuugua kwa mawimbi, wanamuuliza, hujawahi? Anasema sijawahi. Wanamuuliza tena, kweli hujawahi? Anasema, basi, mara mojamoja. Hiyo ilikuwa msemo wa mitaani kule London na Marekani enzi hizo. Nilitafsiri "Kamwe?" "Kamwe!" ikawa kavu. Fundi wetu wa cherehani akasema watu hawaongei hivyo, andika "Kweliii?" Ijumaa watoto waliokaa chini mbele walishika mara ya pili tu, kuanzia hapo kila mtu mkubwa akisema neno jukwaani wanaitikia wote, kweliiii? Waziri wetu akasimama akawangojea wamalize, kwa heshima zote, akaendelea. Hakutabasamu. Hapo nilijua kazi imekaa.

Nota zenyewe nimezigeuza solfa (do, re, mi) kwa mkono, kurasa 140 na ushee, maana nusu ya watu hawasomi mistari mitano. Kiza kikiingia naandika. Sullivan inasemekana aliutunga muziki huu akiwa na maumivu makali ya mawe kwenye figo, na husikii maumivu hata noti moja. Nilikuwa nakumbuka hilo kila mgongo ukiuma.

#10

Niko Tabora, tuna kwaya ya vijana na ukumbi mzuri tu unalala bure. Je haki za watunzi zikoje, hatutashtakiwa? Na gharama? Na mlipataje watu, huku ukisema opera hakuna anayekuja

#11 (mleta uzi)

Tabora karibuni sana, treni ni moja.

Haki. Sullivan alikufa 1900 na Gilbert 1911, muda umepita zamani, kazi yao ni ya watu wote. Usichukue tu tafsiri au mpangilio wa muziki wa mtu wa leo bila kumuuliza. Hii tafsiri yangu ichukueni. Na hili la haki lina kisa chake: Pinafore ilipovuma, Marekani sheria haikuwalinda wageni, makampuni mengi kule yakaicheza bila kuwapa wenyewe hata thumni. Ndio maana opera yao iliyofuata, ya maharamia wa Penzance, waliifungulia New York kabisa, tarehe 31 Desemba 1879, wawahi wao kabla ya wengine.

Gharama. Mashati meupe ya shule na kaptula za bluu, kila mtu na zake. Mabega ya dhahabu ya Kapteni ni mapambo ya harusi yaliyobaki, yameshonewa juu ya kadibodi. Sitaha ni kreti za soda zimegeuzwa na mbao juu, tumekodi kreti tukarudisha zote. Kamba na nyavu ni za wavuvi, zioshwe kwanza, mara mbili. Tulichopoteza hela ni ukumbi. Wa kwanza tulioshika tulilipa kianzio, wiki moja kabla tukaambiwa siku ile kuna harusi, na kianzio mpaka leo tunazungushwa. Andikishaneni. Mimi niliamini mdomo na watu 31 wakaumia kwa ajili yangu, nilishindwa kula siku mbili.

Watu. Ijumaa mvua ilinyesha kuanzia saa tisa, wakaja kama sitini kwenye viti mia tatu. Vijana walivunjika moyo, mmoja akasema tusirudi kesho. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba na wao hivyo hivyo, kiangazi cha 1878 London ilikuwa joto kali, watu hawataki kuingia ukumbini, wakafikia kutaka kuifunga, mpaka Sullivan akapiga vipande vya Pinafore kwenye matamasha aliyokuwa anaongoza kwenye ukumbi wa Covent Garden, watu wakavisikia wakaanza kuulizia zinakoimbwa. Ikaja kuchezwa mara 571. Basi Jumamosi saa moja asubuhi tukashuka Kibirizi na sare zetu, boti zinashusha, tukaimba ule wimbo wa mabaharia wa mwanzo na ule wa Buttercup, mara mbili, na mama yuko palepale kwenye meza yake anauza. Hatukusema njooni. Watu walituuliza wenyewe wapi, saa ngapi. Jioni viti viliisha, wengine walikaa madirishani.

#12

Nilikuwa Kibirizi asubuhi ile nikadhani ni askari wa majini wamekuja. Huyo mama wa dagaa anapatikana? Nataka nimpe mkono tu

#13 (mleta uzi)

Yupo, meza ya tatu ukitokea mwaloni, kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Sasa hivi ukimuuliza bei anaweza kukuimbia, na ukicheka hacheki.

Tabora nota za solfa nitazipiga picha niziweke hapa. Sehemu ya kwanza ninayo. Ya pili iko kwa kijana wa sauti ya nne amekwenda nayo Kasulu kwa mama yake, anarudi Alhamisi.